Likizo ya uzazi inaisha, mtoto ana wiki 12: tupange maziwa, barua ya kazini na mlezi (Mbeya, Iringa, Njombe)

#1 MkungaUyole

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu.

Nianze na hesabu, maana wengi huishtukia ikiwa imebaki wiki moja. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, sawa na wiki 12. Aliyejifungua pacha anapata siku 100. Mtoto anatakiwa maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita, yaani wiki 26. Kwa hiyo kuna wiki 14 ambazo mama yupo kazini na mtoto bado hatakiwi uji, maji wala maziwa ya ng'ombe. Aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua ana wiki 18. Uzi huu ni wa kuzivuka wiki hizo bila mtoto kuachishwa na bila mama kuvunjika.

Kosa linalowaangusha wengi ni kujaribu kukamua kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia siku ya kazi. Yanatoka matone, mama anaamua hana maziwa, kesho yake kopo la maziwa ya unga linanunuliwa. Titi limezoea mdomo wa mtoto, sasa lazima lizoeshwe na mkono. Anza wiki mbili kabla. Kamua mara moja kwa siku, asubuhi, nusu saa hadi saa moja baada ya mtoto kunyonya, kwa sababu asubuhi ndipo maziwa huwa mengi. Siku za mwanzo mililita 20 au 30 ni kawaida kabisa.

Kukamua kwa mkono kunafanyika hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kitambaa chenye joto juu ya titi dakika mbili tatu, papasa kwa wepesi kuelekea kwenye chuchu. Inama kidogo mbele. Dole gumba liwe juu, vidole viwili chini, kama herufi C, sentimita 3 hivi kutoka kwenye chuchu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanashika chuchu yenyewe, wanaivuta, inauma na hakuna kinachotoka. Sukuma kwanza vidole kurudi nyuma kuelekea kifuani, kisha bana gumba na vidole vikutane, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi; ukiona vinateleza, futa mkono. Dakika ya kwanza au ya pili ni matone tu, kisha yanaanza kuruka kwa mistari. Yakipungua, hamisha vidole kuzunguka titi ukamue upande mwingine. Dakika 3 hadi 5 titi moja, nenda la pili, rudi la kwanza. Kazi nzima ni dakika 20 hadi 30.

Kiasi: mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa wastani wa mililita 750 kwa saa 24, na hakipandi sana kadiri anavyokua. Piga mililita 30 kwa kila saa ambayo haupo. Ukitoka nyumbani saa 1:30 asubuhi na kurudi saa 10:30 jioni, hizo ni saa tisa, mililita 270. Weka na 60 za akiba. Gawa kwenye vikopo vya mililita 60 hadi 90. Ukijaza chombo kimoja kikubwa, atakachobakiza kinamwagwa chote.

#2 BintiMwanjelwa

Asante mama mkunga. Wengi hatuna friji kazini, na nyumbani umeme unakatika. Maziwa yanakaaje? Na pampu ni lazima?

#3 MkungaUyole

Pampu sio lazima. Ukinunua ya mkono, angalia ule mdomo wake unaokaa kwenye titi: chuchu iingie bila kusugua kuta, na ngozi nyeusi inayozunguka chuchu isivutwe yote ndani. Ukitoka na chuchu nyeupe au yenye duara jekundu, kipimo sio chako. Pampu ikishaoshwa mipira yake inakaukia hewani. Ikibaki na maji ndani inaota ukungu.

Kukaa kwa maziwa: yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 kwenye chumba chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Nyanda za juu hilo tunalo karibu mwaka mzima, mradi chombo kisiwe dirishani penye jua wala karibu na jiko. Kwenye friji ni siku 4, ndani kabisa, sio mlangoni. Kwenye jokofu la kugandisha ni vizuri kuyatumia ndani ya miezi 6. Kwenye boksi la baridi lenye barafu zilizoganda kweli ni saa 24. Asiye na boksi achukue chupa ya chai yenye mdomo mpana, aiweke barafu asubuhi, akifika kazini aimwage na kutumbukiza kikopo kilichofungwa vizuri pamoja na barafu ya mfuko. Inamfikisha jioni.

Yaliyogandishwa yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24 na yasirudishwe kuganda. Mtoto akishagusa mdomo, mabaki yana saa 2 tu. Mafuta yakijitenga juu ni kawaida. Zungusha kikopo taratibu. Pasha kwa kukisimamisha kwenye bakuli la maji ya moto. Usiyaweke jikoni moja kwa moja wala kwenye maikrowevu, yanachemka sehemu moja na kubaki baridi kwingine, mtoto anaungua ulimi.

Jambo la huku kwetu ambalo halipo kwenye vipeperushi vya Dar: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe pamekaribia mita 2,000, ni 93. Kwa hiyo vikopo na vikombe vikichemshwa vipe dakika 10 kamili tangu maji yaanze kutokota, sufuria ikiwa imefunikwa na kila kitu kimezama. Usihesabu tangu ulipoiinjika.

#4 MezaYaAjira

Mama mkunga kaweka msingi. Mimi niweke upande wa mwajiri, maana maziwa bila muda hayakamuliki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ukiambatanisha cheti cha daktari. Likizo inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Mwenye afya njema na kazi isiyo nzito, akisubiri hadi karibu na kujifungua anabaki na wiki nyingi zaidi akiwa na mtoto. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua hauruhusiwi kufanya kazi, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba unaweza. Ukirudi unarudi kwa masharti yaleyale ya ajira, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni uachishaji usio halali. Aliyejifungua njiti aulize kuhusu marekebisho yaliyoanza kutumika 2025, muda wake unaongezwa.

Omba likizo ya mwaka iunganishwe na ya uzazi. Ni siku 28, na 84 zinakuwa 112, wiki 16. Mwajiri ndiye mwenye kupanga lini uichukue, kwa hiyo iombe mapema kwenye barua ileile ya kwanza, kabla ratiba ya ofisi haijapangwa.

Sasa saa za kunyonyesha. Sheria inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wakati wa kazi, *kwa muda usiozidi* saa mbili kwa siku. Soma neno "usiozidi". Saa mbili ni ukomo wa juu, kwa hiyo anayenyamaza anaweza kupewa dakika 30 akaambiwa ndiyo sheria. Andika barua wiki tatu kabla ya kurudi na upendekeze mgawanyo wewe mwenyewe, unaoendana na kazi yenyewe. Mfano: "Naomba dakika 30 saa 4:00 asubuhi, dakika 30 saa 8:30 mchana, na kuondoka saa 9:30 alasiri badala ya saa 10:30." Mapumziko ya mchana ya dakika 60 yana kifungu chake, usikubali yahesabiwe humo. Aandike kuwa amekubali, asaini, ubaki na nakala. Makubaliano ya mdomo yanadumu hadi msimamizi abadilishwe.

Omba na mahali. Stoo safi yenye mlango unaofungika kwa ndani, kiti na soketi inatosha. Choo hapana.

Wa zamu za usiku, mkiwemo wauguzi na walinzi: miezi miwili baada ya kujifungua haupangwi usiku. Baada ya hapo, ukiwa na cheti cha daktari kinachoeleza kuwa hauwezi kazi ya usiku, mwajiri anakiheshimu.

#5 MajaniMabichi_Mufindi

Hayo ni ya ofisini mkuu. Wachuma chai, wapanga parachichi kwenye maghala ya Njombe, vibarua wa mbao Mafinga? Wanaambiwa "wewe ni wa msimu, hauna likizo."

#6 MezaYaAjira

Swali zuri, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza haki yao. Ni kweli mwenye utumishi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini sheria hiyohiyo inasema mwajiriwa wa msimu anayo. Na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka anayo pia, ikiwa jumla ya vipindi hivyo inazidi miezi sita. Kwa hiyo anayeitwa mwezi wa tatu, akasimamishwa, akaitwa tena, ajumlishe.

Ugumu ni ushahidi. Tunza karatasi za malipo, ujumbe wa simu wa malipo, kadi ya kilo za majani, kitambulisho cha getini. Piga picha ya kila moja siku unayopewa, maana karatasi ya shambani hailali kavu. Mkishindwana, anzia kwa Afisa Kazi wa mkoa. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu namba 1: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Siku hizo zinakatika ukiwa bado unabembeleza msimamizi, angalia kalenda.

Na kama kazi ni ya hatari kwa mama au kwa mtoto, mwajiri anatakiwa ampe mama nyingine inayofaa pale inapowezekana. Kupiga dawa kwenye viazi au parachichi ndio mfano wenyewe.

#7 MajaniMabichi_Mufindi

Ndaga fijo (asante sana). Niongezee ya shambani.

Mchumaji hawezi kukaa tangu saa 12:30 asubuhi hadi saa 8 mchana bila kutoa maziwa. Kikapu kinabana kifua, kamba inapita juu ya titi, na baridi inamfanya avae nguo za kubana. Mchanganyiko huo ndio unaoleta titi gumu. Kila baada ya saa 3 au 4 akamue, hata dakika 10 tu, hata kama hana pa kuyahifadhi. Kuyamwaga shambani kunauma, ila yakiachwa yajae mwili unapata ishara kwamba hayahitajiki na unapunguza kutengeneza. Mzigo uhamishwe begani na mgongoni, sidiria isiwe na waya.

Aliyepita shamba lililopigwa dawa avue nguo ya juu nje, anawe mikono, uso na kifua kwa sabuni ndipo ambebe mtoto. Kanga ya shambani isiwe ya kumfunikia.

#8 MkungaUyole

Sahihi kabisa. Titi likishakuwa gumu, lina sehemu nyekundu yenye joto: endelea kunyonyesha kama kawaida. Maziwa hayana sumu. Zamani tulifundishwa kulikanda kwa nguvu na kukamua mpaka liishe kabisa. Siku hizi maelekezo yamebadilika, kwa sababu kukanda kwa nguvu kunaumiza tishu na uvimbe unaongezeka. Papasa kwa wepesi, weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha, tumia paracetamol au ibuprofen (mwenye vidonda vya tumbo aache ibuprofen). Homa ikivuka saa 24, au ukipata tetemeko la baridi, nenda kituo cha afya, unahitaji dawa ya bakteria na zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha. Likibaki bonge linalobonyea kama lina maji, usisubiri kesho.

#9 MleziBora_Soweto

Wote mmeongea kuhusu mama na bosi. Tumzungumzie anayebaki na mtoto, maana ndiye anayeamua kama yale maziwa yataingia tumboni.

Mlezi aanze kazi angalau siku saba kabla mama hajarudi kazini. Siku tatu za kwanza anatazama. Ya nne anamlisha mtoto, mama akiwa chumba kingine. Ya sita mama anatoka nyumbani kwa muda wa saa tatu nzima. Mtoto akiona na kunusa mama karibu, kikombe atakikataa, sio ukaidi.

Ndiyo, kikombe, sio chupa ya chuchu. Kikombe kidogo cha wazi kinasafishika kwa sabuni na kuchemshwa, ilhali chupa inaficha uchafu kwenye nyuzi za mfuniko na ndani ya chuchu, na wapo watoto wanaoizoea wakaanza kugoma titi. Mkalishe mtoto wima mapajani, mikono imefungwa na kanga asiupige mkono wako. Kikombe kijae nusu. Kiegemeze kwenye mdomo wa chini, kiinamishe hadi maziwa yaguse tu mdomo wa juu, utulie. Atatoa ulimi na kulamba, mkubwa kidogo atafyonza. Usimmiminie. Ukimmiminia anapaliwa, na hofu hiyo ataikumbuka kila akiona kikombe. Akigeuza uso ameshiba. Kiasi fulani kitamwagikia kifuani, ndiyo maana ile akiba ya 60 ni muhimu.

Mtoto akinywa kidogo mchana, mara nyingi anafidia usiku kwenye titi. Mlezi aelezwe hilo, vinginevyo atamwongezea uji kwa siri, kwa nia njema kabisa, akiogopa kuambiwa amemnyima. Mwambie waziwazi hautamlaumu kikopo kikirudi kimejaa.

Na sasa la baridi. Mwezi wa sita na wa saba huku watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wafunge milango. Wengi wanaamini mkaa ukishakolea na moshi kuisha hauna madhara. Hapana. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mlezi anaona usingizi tu, na mtoto hupata madhara kabla ya mtu mzima. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Mtoto avalishwe nguo nyepesi mbili tatu badala ya blanketi moja zito, soksi na kofia akiwa macho. Kitanda kinapashwa kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na chupa inatolewa *kabla* ya kumlaza.

Wanaotaka kituo cha kulelea watoto mchana: waombe kuona cheti cha usajili, asiye nacho muulize Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Nenda saa 6 mchana bila taarifa, uhesabu watoto wachanga na walezi. Mlezi mmoja hawezi wachanga watano, hata awe na moyo gani. Uliza kama wanapokea maziwa yaliyokamuliwa na yanakaa wapi, kila kikopo kikiwa na jina, tarehe na saa.

#10 BintiMwanjelwa

Mama mkunga, maziwa yakipungua wiki ya tatu baada ya kurudi kazini, tatizo huwa nini?

#11 MkungaUyole

Mara nyingi ni moja kati ya haya: amekosa kukamua mara moja au mbili kazini kwa sababu ya mikutano, au ameacha kunyonyesha usiku ili alale. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo usiache titi la usiku. Lala na mtoto karibu, usiende mbali. Dawa ya uzazi wa mpango yenye estrojeni nayo hupunguza maziwa. Kliniki ukichagua njia sema unanyonyesha. Na kuna mama ambaye hapati chakula cha mchana kabisa, anakunywa chai na andazi hadi jioni.

Ukiona yamepungua, kamua mara mbili zaidi kwa siku kwa siku nne tano. Jumamosi na Jumapili mtoto awe kifuani muda mwingi, bila kikombe. Usikisie kwa wingi unaokamua. Angalia nepi, sita au zaidi zilizolowa kwa siku, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki.

Kitu kingine. Mama akikaa wiki mbili mfululizo akiwa na huzuni, hana hamu ya chochote, au hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, huo sio uvivu wala deko. Ni ugonjwa baada ya kujifungua na unatibika. Aende kituo, na asiende peke yake. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe leo.

#12 Baba_Igawilo

Tunaosoma upande wa akina baba, kazi yetu iko wapi hasa? Maana kumlisha titi hatuwezi.

#13 MleziBora_Soweto

Shikamoo baba. Kazi ipo, na ina saa zake. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto waliodumaa ni asilimia 57 Iringa na karibu 50 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa yenye mahindi, viazi, maharage na maparachichi! Moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu wa lishe ni mzigo wa kazi wa mama: anarudi jioni amechoka, mtoto ameshalala bila kulishwa vya kutosha. Kwa hiyo saa kati ya 11 jioni na 2 usiku ndizo za baba. Mama akifika anakaa na kumnyonyesha kwanza, baba anashika maji, moto na vikopo vya kuchemsha.

Maharage kwa mwinuko wetu hayaivi haraka kwa sababu ileile ya maji kuchemka kwenye joto dogo. Yaloweke usiku, saa 8 hadi 12, mwaga yale maji, pika ya siku tatu kwa mara moja Jumapili. Hilo linaokoa mkaa na saa nzima ya jioni. Mtoto akiugua, usisubiri mama ndiye aombe ruhusa kila mara: sheria inampa na baba angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa wa mtoto ndani ya mzunguko wa likizo, ambao ni miezi 36. Siku 3 za likizo ya baba nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu kujifungua, zikipita zimepotea.

#14 MezaYaAjira

Siku hizo 4 zipo, ila mwajiri anaweza kudai uthibitisho. Chukua karatasi ya kituo cha afya siku hiyohiyo, yenye jina la mtoto.

#15 BintiMwanjelwa

La mwisho: akifika miezi sita, ninaacha kukamua?

#16 MkungaUyole

Hapana mwanangu. Anaanza chakula juu ya maziwa. Miezi 6 hadi 8 milo miwili hadi mitatu kwa siku, vijiko vya chakula 2 au 3 kila mlo, ukiongeza taratibu. Uji uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko kilichoinamishwa. Mwepesi unajaza tumbo tu. Nafaka iwe moja, sio zile saba zilizosagwa pamoja. Kwenye bakuli ponda parachichi, au maharage yaliyochujwa maganda, au kiini cha yai. Karanga chambua moja moja, zilizokunjamana au zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Kazini unaweza kupunguza kukamua kutoka mara tatu hadi mbili, ukiacha mara moja kila baada ya siku nne tano ili titi lisijae ghafla. Asubuhi kabla ya kutoka, jioni ukifika, na usiku, anyonye hadi afike miaka miwili.